Bei ya dalali si thamani ya kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wa biashara aliyezilaumu kampuni zetu kwa kuacha ardhi kwenye vitabu kwa bei ya manunuzi ya zamani, kana kwamba zinaficha utajiri. Nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki inanihusu, na inahusu hisa zangu.

Mimi ni mama mstaafu wa hapa Dodoma. Nilishika vitabu vya vyama vya ushirika tangu enzi za leja za karatasi na kalamu ya wino mwekundu. Siku hizi nina hisa katika kampuni ya wastaafu wenzangu. Ni kampuni binafsi, hivyo kisheria hatuzidi wanahisa hamsini, na wengi wetu tunajuana kwa majina ya watoto. Tuna shamba la zabibu Hombolo, ng'ombe kidogo wa kunenepesha, na kiwanja kimoja Nzuguni tulichokinunua mwaka 2010 kwa shilingi milioni 6, tukingoja bei yake ipande.

Na kweli kimepanda. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwaka uliofuata CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikavunjwa, Aprili 2018 tukaitwa jiji. Baadaye stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai vikajengwa Nzuguni hukohuko. Kuendelea kukiandika kiwanja kile milioni 6 ni kumdanganya msomaji wa hesabu. Hapo mwandishi wako yuko sahihi kabisa.

Lakini kabrasha la mkutano mkuu wa mwaka huu linakitaja kwa milioni 180. Ongezeko lote, milioni 174, limeingizwa kwenye faida ya mwaka. Juu ya faida hiyo bodi inapendekeza gawio. Na kwa kuwa akaunti benki ina fedha za kulipa walinzi na kununulia dawa za zabibu tu, gawio litalipwa kwa mkopo, dhamana yake kiwanja hichohicho. Nilipouliza milioni 180 zimetoka wapi, nikajibiwa kwamba ndiyo bei ya soko, madalali wote wa pale wanaijua.

Hesabu zetu zinadai zimeandaliwa kwa viwango kamili vya kimataifa, vile ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilivipokea kuanzia Julai 2004. Haya, tuvifuate. Kimojawapo, IFRS namba 13, kilichotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika Januari 2013, kinasema thamani ya haki ni bei ambayo ungepokea ukiuza mali, au ungelipa ukimwachia mwingine deni lako alibebe, katika mauziano ya kawaida baina ya watu walio sokoni, siku ile ya kupima. Mauziano ya kawaida maana yake muuzaji hajabanwa. Kwa hiyo bei ya mnada wa benki si thamani ya haki. Lakini bei anayoitaja dalali akiwa amekaa chini ya mwarobaini nayo siyo, kwa sababu hakuna aliyeilipa.

Kiwango hicho kinapanga taarifa za bei katika ngazi tatu, na hapa ndipo ningependa wanahisa wenzangu watulie wasome. Ngazi ya kwanza ni bei inayotangazwa kwenye soko lenye pilikapilika, kwa kitu kilekile. Hisa inayouzwa na kununuliwa mara kwa mara katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ina bei ya namna hiyo. Unaisoma na kuiandika, hakuna ubishi. Ngazi ya pili ni bei za vitu vinavyofanana na chako, zinazoonekana, ukizirekebisha kidogo. Ng'ombe wetu wanaangukia hapo. Ukienda mnada wa Msalato Jumamosi utaona maksai wa umri na mwili kama wa wetu wanauzwaje. Utatoa nauli ya lori kutoka Hombolo, maana ng'ombe aliyeko Hombolo hajafika sokoni, na kwa kuwa kiwango kingine, cha kilimo, kinataka gharama za kuuza nazo zipunguzwe, utatoa ushuru na cha dalali. Hapo una namba ambayo hata mchungaji wetu anaweza kuihakiki.

Ngazi ya tatu ni makisio ya mwenye kampuni pale soko linapokaa kimya. Hairuhusiwi kuitwa jina lingine. Kiwanja chetu, kwa jinsi kilivyopimwa, kiko ngazi ya tatu, tena bila hata karatasi moja ya mauziano ya jirani.

Kuna na hili la matumizi. Ardhi hupimwa kwa matumizi yaliyo bora zaidi, hata kama leo unalaza ng'ombe hapo. Bodi imelishika hilo kwa mikono miwili na kukipigia kiwanja hesabu ya viwanja vya biashara vinavyotazama stendi. Wameruka masharti yake: matumizi hayo yawezekane kwa ardhi ilivyo, yaruhusiwe na sheria, na yalipe. Kiwanja chetu kimepangwa kuwa cha makazi, kiko ndani kabisa, na mvua ikinyesha bajaji haifiki. Mnunuzi mwenye akili zake atalipa bei ya nyumba ya kuishi, si ya hoteli.

Upande wa zabibu, nawapongeza, wamefanya vizuri. Tangu Januari 2016 mzabibu wenyewe unahesabiwa kama mtambo: unaandikwa kwa gharama na kuchakaa mwaka hadi mwaka. Matunda yaliyoning'inia ndiyo yanapimwa kwa bei ya soko, na yamewekewa bei ya wanunuzi waliopo kweli. Wao wenyewe wanajua kwamba wenye viwanda vya mvinyo ni wa kuhesabu, na zabibu ikiiva haisubiri mtu. Mbona busara hiyo haikufika Nzuguni?

Madeni nayo yana vituko vyake, ingawa kwetu ni madogo. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipokuja, mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yaliyopima madeni yake kwa thamani ya haki yaliandika faida kwa sababu tu watu walipoteza imani nayo na hati za deni za mabenki hayo zikashuka bei. Yaani kadiri unavyoonekana huaminiki, ndivyo deni lako linavyopungua vitabuni! Baadaye viwango vilirekebishwa ili faida ya aina hiyo, kwa madeni ambayo kampuni imechagua kuyapima kwa thamani ya haki, isipite tena kwenye faida ya mwaka. Naitaja ili wenzangu waone kwamba faida inaweza kuandikwa kihalali kabisa na isiwe na senti nyuma yake.

Kiwanja cha uwekezaji, yaani kinachongojewa bei ipande kama hiki chetu, kikipimwa kwa thamani ya haki, ongezeko lake huingia kwenye faida, sibishi. Ila kampuni yetu imehama mwaka huu kutoka bei ya manunuzi. Huko ni kubadili sera ya uhasibu, na ongezeko la miaka ya nyuma lilipaswa kupelekwa kwenye miaka yake badala ya kumwagwa lote mwaka mmoja likaonekana jasho la bodi hii. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu daftari lipo, limepigwa hata mhuri.

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini mwaka 2016, wathamini wanasajiliwa na bodi yao. Dodoma wapo. Ripoti ya mmoja wao ingegharimu sehemu ndogo ya riba ya mkopo huo wa gawio. Kiwango cha kiwanja cha uwekezaji hakilazimishi mthamini wa nje, lakini kinalazimisha hesabu ziseme kama alikuwepo au hakuwepo. Kwenye maelezo ya hesabu zetu sijaona mstari huo. Nimemwandikia mkaguzi kumuuliza.

Kwenye mkutano nitaomba nakala za mikataba ya viwanja vya makazi vilivyouzwa karibu yetu, tarehe ya upimaji, ramani ya mipango miji, na ngazi iandikwe wazi. Vikija, nitazipitisha hesabu hata kama namba itakuwa kubwa kuliko ninavyodhani. Gawio la mkopo nitalikataa kwa vyovyote, na mwandishi wako akipenda kuja kusikiliza, nitamwombea kiti kwa mwenyekiti.

Mwanahisa mstaafu,
Dodoma