Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: onyo lilitolewa saa ngapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa Dar es Salaam, baada ya kufuatilia kesi ya kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Hati ya ukamataji mali ilionyesha pikipiki ilipatikana Mbagala saa nne asubuhi, kijana mwenyewe akiwa ndiye aliyewapeleka wapelelezi. Maelezo yake ya onyo, yaani yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuelezwa haki zake, yalianza kuandikwa saa kumi alasiri. Maana yake pingu zilitangulia, maswali yakafuata, pikipiki ikapatikana, na ndipo mtu akakumbuka kumwambia kijana kwamba halazimiki kusema lolote.

Wakili alipinga maelezo yale, yakakataliwa. Pikipiki ikapokelewa kuwa kielelezo, yaani kitu cha ushahidi mahakamani, bila mjadala, kana kwamba ilijiendesha yenyewe hadi kituoni.

Najua hoja ya upande wako: chuma hakiteswi, hakisemi uongo. Marekani nao, katika kesi ya Patane mwaka 2004, majaji watano kati ya tisa walikubali bastola iliyopatikana kabla mtuhumiwa hajasomewa haki zake kikamilifu. Lakini sisi tuna sheria yetu. Sheria ya Ushahidi inasema taarifa ya mtuhumiwa iliyofanya kitu kigunduliwe "inahusika". Kuhusika ni jambo moja, kupokelewa ni jingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kile tulichozoea kukiita kifungu cha 169, haikutenganisha maneno na vitu: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo unaweza kukataliwa, na anayetaka upokelewe ndiye mwenye mzigo wa kuiridhisha mahakama kwamba umma utanufaika pasipo kuonea haki za mtu. Mzigo huo ni wako, Mheshimiwa, wala si wa mahabusu asiye na wakili.

Simtetei mwizi. Mwenye pikipiki ile alikuwa anailipia mkopo, na angerudishiwa hata kama isingepokelewa kuwa kielelezo.

Ninachoomba ni waraka mfupi kwa waendesha mashtaka wako. Kabla ya kutoa kielelezo kilichopatikana kwa mtuhumiwa kuonyesha kilipo, walinganishe saa ya hati ya ukamataji na saa ya onyo. Onyo likiwa limetolewa baada ya kielelezo kupatikana, waieleze mahakama wenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kisha waombe kielelezo kipokelewe kwa njia ambayo sheria imeiacha wazi.

Wako,
Msaidizi wa kisheria, Temeke