Nembo ya mgahawa ikitakiwa kucheza, ichorwe upya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye migahawa wa Dar es Salaam jambo ambalo sisi wachoraji wa animesheni humweleza mteja mmoja mmoja bila mafanikio: mchoro uliobuniwa kukaa kwenye kibao cha duka haugeuki kuwa katuni inayotembea kwa sababu tu umetumwa kwa WhatsApp pamoja na ombi la kuupata kesho asubuhi.

Kuku aliyevaa kofia ya mpishi amekuwa nembo ya kawaida mno katika jiji hili, ingawa sijapata kuelewa kwa nini yeye ndiye atukaribishe kwenye sahani yake mwenyewe. Sasa anatakiwa apunge bawa, akonyeze na kutaja bei ya chipsi. Matakwa hayo ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba picha aliyonayo mteja ni bapa, na nyuma ya sahani aliyoishika kuku hakuna kifua wala bega. Akiisogeza tu, panabaki pengo ambalo mchoraji lazima alijaze kwa kubuni. Kichwa, kope, mdomo na kila bawa hutenganishwa katika matabaka yake, kisha viungo huwekwa mahali vitakapojikunjia, na kazi hiyo yote hufanyika kabla kuku hajasogea hata kidogo.

Anayetaka katuni ichorwe kwa mkono afikirie hesabu hii. Televisheni yetu huonyesha fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana, 25 kwa sekunde, kwa hiyo hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, tangazo la sekunde 10 linahitaji michoro 125. Maua ya kitenge yaliyopamba aproni ya kuku, ambayo kwenye kibao yanapendeza sana, yatachorwa mara 125. Ndiyo maana tunashauri mhusika achorwe upya kwa mistari michache na rangi zisizo na vivuli vingi, awe na umbo linalotambulika hata likijazwa weusi mtupu, na aonyeshwe mbele, ubavuni na nyuma.

Sauti nayo irekodiwe mapema, kwa kuwa mdomo huifuata sauti. Mteja akibadilisha bei baada ya kuku kwisha kuitamka, midomo ya sentensi hiyo hutengenezwa upya, na hilo ni gharama hata kama yeye anaona amebadilisha neno moja tu. Chati za midomo, yaani michoro ya umbo la mdomo kwa kila sauti, zilizotayarishwa kwa Kiingereza pia hazitufai moja kwa moja. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo mdomo hufunguka mara kwa mara, lakini katika “mchuzi” au “mkate” ile “m” ya mwanzo ni silabi kamili, na midomo isipofungwa kwa fremu kadhaa, mtazamaji wa Kariakoo atahisi kwamba kuku huyo anazungumza lugha nyingine, hata asipojua kasoro iko wapi. Hata hivyo, kwa kuwa matangazo mengi hutazamwa kwenye simu zilizozimwa sauti, kitendo chenyewe kieleweke bila maneno.

Mwisho, mapatano yaandikwe. Kusajili alama ya biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni jambo moja, na hakimiliki ya mchoro, inayosimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ni jambo jingine. Kufanya la kwanza hakumalizi la pili. Mkataba utaje nani anamiliki mhusika, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na iwapo malipo yanajumuisha mafaili ya awali yenye matabaka au video iliyokamilika peke yake. Mwenye mgahawa asiyekabidhiwa mafaili hayo, siku atakapotaka kuku wake awatakie wateja heri ya Ramadhani, atalazimika ama kumrudia mchoraji yuleyule au kulipia kuku mpya.

Mchoraji wa animesheni,
Sinza, Dar es Salaam