Mafundi wa video za harusi, DVD sio kukopi faili tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wetu wa video za harusi, kipaimara na semina, maana wengi wanatuuzia kitu wanakiita DVD wakati sio DVD.

Iko hivi, fundi akimaliza kuediti anachukua faili lake la mp4 analitupia kwenye diski kama lilivyo, anachoma, juu anaandika majina ya maharusi kwa makapeni, unalipa unaondoka. Kwenye kompyuta inacheza freshi kabisa. Sasa ipeleke kwa bibi kijijini kwenye ile deki yake ya siku nyingi, inazunguka weee mwisho inakwambia haijaona diski, ukirudi kwa fundi anakujibu deki yenu mbovu. Mbovu wapi jamani! Deki ya DVD inatafuta folda la VIDEO_TS, ndani yake ikute video iliyobanwa kwa mtindo unaoitwa MPEG-2, na kwa huku kwetu iwe ya mfumo wa TV wa PAL, yaani picha ya nukta 720 kwa 576, fremu (picha) 25 kwa sekunde. Mp4 sio hiyo. Zile deki za baadaye zenye tundu la flashi baadhi zinaisoma, ila za zamani hapana.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni maandishi ya chini, hizi sabtaito. Familia zetu siku hizi zimechanganyika, kuna shemeji Mjerumani, kuna wajukuu waliozaliwa Kanada Kiswahili hawakijui, na kuna ndugu zetu viziwi ambao kila mwaka wanakaa sebuleni wanaangalia mdomo wa MC unavyocheza watu wote wanakufa kwa kucheka wao hawajui kachekesha nini. Ukimuomba fundi maandishi anayagandisha kwenye picha moja kwa moja, rangi ya njano, huwezi kuyatoa, basi bibi naye analalamika yanamziba mjukuu wake. Halafu wanayaweka chini mno, kwenye TV ya chogo ukingo wa picha unakatwa kwahiyo nusu ya mstari hauonekani. Wakati DVD yenyewe tangu ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 ina nafasi ya sabtaito hadi 32, unawasha na kuzima kwa rimoti, Kijerumani cha shemeji, Kiingereza cha watoto, Kiswahili cha kiziwi, anayetaka aweke asiyetaka aache.

Na wala haihitaji studio kubwa. Kuna programu ya bure inaitwa DVDStyler, kwenye Windows inaingia na kwenye Linux inaingia, unaipa video yako unaipa na faili la sabtaito linaloitwa srt, inageuza yenyewe kuwa MPEG-2 na menyu inakutengenezea. Hilo srt ni maandishi ya kawaida tu, unaweka namba, chini yake muda wa kuanza na wa kuisha, chini yake maneno, unaruka mstari unaendelea. Unaweza kuandika hata kwenye Notepad ila Subtitle Edit inarahisisha sana na yenyewe ni bure. Kazi ngumu ni kukaa na hedifoni kusikiliza hotuba ya baba mdogo aliyeshika maiki mbali na mdomo, hapo usitegemee sana programu ikusaidie.

Cha kuangalia, Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu ila kina ng', na ile alama ukiikopi kutoka Word inakuja iliyopinda, faili lisiposeviwa kwa UTF-8 (aina ya kuhifadhi herufi, unaichagua wakati wa kusevu) ng'ombe wa mahari anatokea na madudu katikati ya jina. Pia maneno yetu marefu, "hawakutuambia" peke yake inakula sehemu kubwa ya nafasi ambayo Mwingereza anaweka maneno manne, kwahiyo mistari miwili tu na usijaze, mtu asome huku anaona na picha. Na saizi ya herufi uchague mapema kabisa, maana ndani ya DVD maandishi hayakai kama maandishi, yanageuzwa vipicha vidogo vidogo, ukikosea jina la mkwe diski haisahihishiki, unatengeneza upya.

Diski ya kawaida ni GB 4.7, kompyuta inaionyesha kama 4.37 sio kwamba umeibiwa, ni hesabu tu. Video ya saa moja inakaa vizuri sana, masaa mawili bado inaridhisha, sasa wale wanaobana harusi ya masaa sita kwenye diski moja ndio picha inakuwa vigae vigae, watoe diski mbili tatu bwana. Na ukiwapa klipu iliyopita WhatsApp usitegemee muujiza. Kabla ya kuchoma wafungue kwanza kwa VLC, programu ya kuchezea video, waone sabtaito zinawaka na zinaendana na midomo, zikianza sawa halafu zinazidi kupishana kadiri muda unavyoenda hiyo ni tofauti ya fremu kwa sekunde, srt iliyopimwa kwenye video ya fremu 25 ukiiweka kwenye ya 23.976, ikifika saa moja zimeachana zaidi ya dakika mbili. Kisha wachome taratibu, spidi ya 4x inatosha, na diski ifungwe kabisa mwishoni (programu inaita "finalize") la sivyo deki nyingi zitaikataa.

Kwahiyo mafundi, wekeni maandishi kwenye orodha ya bei zenu, semeni ni shilingi ngapi kwa saa moja ya video, tutalipa. Na siku ya kukabidhi mzigo mtupe na srt yenyewe kwenye flashi pamoja na video halisi, siku deki ya bibi ikifa kweli tuweke kwenye TV bila kuanza kusikiliza upya ile hotuba ya baba mdogo.

Msomaji wako,
Morogoro