Barua kwa mdogo wangu anayetaka kubadilisha kozi

Mdogo wangu,

Mama kaniambia jana usiku kwamba umepata nafasi yuni Nairobi, kozi ya falsafa, na badala ya kufurahi unatafuta fomu ya kubadilisha manake watu wa barazani wamekutisha, huyu ati kozi hiyo haina kazi, yule ati itakutoa kwenye dini. Nakuandikia hapa wazi kwa sababu hapa Amu, kisiwani Lamu, hauko peke yako unayeambiwa maneno hayo.

Hebu nikwambie kitu. Unamkumbuka yule kijana wa Matondoni aliyekuwa akituletea maji na punda wake? Wewe ulikuwa mdogo. Simu ya baba ilipotea Ijumaa, na tangu Jumamosi kijana hakuonekana tena. Tukakaa dakani tukasema, kama ameiba hatarudi hapa, na kweli hajarudi, basi ni yeye. Mimi ndiye niliyelisema kwa sauti kuliko wote. Mtaa mzima ukajua ni mwizi. Wiki mbili baadaye mama anachota mchele, simu hiyo ndani ya pipa, na kijana kumbe alikuwa kwao kalala na homa.

Miaka ikapita, niko darasani mwaka wa kwanza, yuniti ya mantiki, yaani elimu ya kupima kama hoja inasimama, mwalimu akaandika ubaoni: Kama P basi Q. Q ni kweli. Basi P ni kweli. Akauliza kosa liko wapi, darasa kimya, na mimi mkono unanitetemeka manake P ni ameiba, Q ni hajarudi. Mtu hukosa kurudi kwa sababu mia, homa, kufiwa, kupata kibarua kwengine. Lau angerudi siku ya tatu, hapo hoja yetu ingetulazimisha kusema si yeye. Upande huo inasimama, upande ule haisimami, na ukizisikia zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kosa hilo Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alishalieleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na sisi, nyumba nzima ya watu wazima, tulilifanya mara moja tu tukamharibia mtu jina.

Kuhusu dini, waambie hivi kwa adabu: neno mantiki lenyewe ni la Kiarabu, na wanazuoni wamesomeshana mantiki karne na karne. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, ndiye huyo huyo aliyeandika kuwapinga wanafalsafa, lakini mantiki hakuiacha, alisema asiyeijua elimu yake haina wa kuiamini. Sasa anayekwambia uiogope amesoma wapi?

Na kazi? Mwanahesabu George Boole aliigeuza mantiki ikawa hesabu, kitabu chake kikatoka 1854, na 1937 Claude Shannon akaonyesha kuwa hesabu hiyo inaweza kuendesha swichi za umeme, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya hiyo simu unayonisomea.

Lakini mimi sio hilo linalonigusa. Linalonigusa ni hapa hapa kwetu. Wakati wa ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa hapa Lamu, ukiupinga tu unaambiwa hutaki maendeleo, kana kwamba njia ni mbili tu duniani, na wazee na vijana wa Lamu wakasimama wakauliza nani alituuliza, ushahidi uko wapi, mpaka Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikafuta leseni yake, moja ya sababu ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Nataka uwe unaweza kusimama namna hiyo, na mtu akikupa njia mbili uulize ya tatu.

Sikufichi, kuna wiki zitakuchosha. Jedwali la ukweli, lile la kupanga kila namna sentensi zinavyoweza kuwa kweli au uongo, la sentensi 3 lina mistari 8, za 5 mistari 32, ukikosea mmoja unarudi mwanzo. Vumilia.

Likizo ya mwaka ule wa kwanza nilikwenda Matondoni. Nilimkuta yule kijana wa maji anakalafati mashua, nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama juani, hakunijibu kitu, alinisogezea kigoda nikae akaendelea na kazi yake.

Fomu usiijaze kabla hatujaongea. Daftari langu la mantiki liko juu ya kabati la mama, la kijani. Fungua ukurasa wa tatu, pale pembeni ya P na Q nimeandika jina lake.

Dadako