Mbona ngoma yangu iko chini kuliko za wengine?

Hili swali ndio naulizwa kuliko maswali mengine yote, saa nyingine kwa maneno hayohayo. Mtu kamaliza ngoma yake, kaiweka kwenye simu, kaipiga ikafuatana na ngoma ya msanii mkubwa, akaona ya kwake imenywea. Anakuja inbox, "enjinia we nifanyie masta tu, ipandishe sauti, kila kitu kiko freshi". Namwelewa kabisa, maana kweli inasikika ndogo, ila nikifungua hiyo faili mara nyingi nakuta masta sio shida yake, na nikichukua hela yake ya masta nitakuwa nimemuuzia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kwahiyo leo naeleza yote hapa ili kabla hujatuma kazi kwangu au kwa enjinia mwingine yeyote ujue unalipia nini.

Huku kwetu hizi kazi zimechanganyikana sana. Toka enzi za MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani msanii alizoea kwenda studio moja, prodyuza anampikia biti, anamwingiza sauti, anamiksi hapohapo, mtu anatoka na ngoma yake mkononi, bei moja. Na zilitoka ngoma ambazo mpaka leo zikipigwa watu wanasimama. Ila siku hizi biti umenunua mtandaoni kwa mtu humjui, sauti umeingiza kwa mshkaji chumbani kwake Mwanza, bekingi (sauti za kuitikia) kaimba binamu yako yuko Muscat, alafu mimi niko Dar na kompyuta na spika zangu na hatujawahi kuonana. Hapo lazima kila mtu ajue kipande chake kinaanzia wapi. Kumiksi ni pale nachukua kila sauti peke yake, kiki (lile pigo zito la dramu), besi, gitaa, vokali kuu, adlibu (vineno vya pembeni), naipangia kiwango chake na sehemu yake ili zikae pamoja bila kugombana. Kumasta ni pale nachukua ile faili moja iliyotoka kwenye miksi naipa kiwango cha mwisho na kuhakikisha inasikika vizuri kila mahali. Kwenye masta siwezi tena kumshika mtu mmojammoja, nikigusa besi nimegusa na kiki, nikiongeza vokali na snea (lile pigo kali la dramu) inapanda.

Tuje kwenye hiyo sauti yenyewe. Kwenye kompyuta kuna dari, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sifuri, hakuna sauti inayopita hapo. Kifaa kinachoisukuma ngoma kuelekea dari kinaitwa limita, na inachofanya ni kubana vile vilele vya juu ili vilivyo chini vipate kupanda. Ukisukuma kiasi ngoma inashikana, inapata nguvu. Ukisukuma sana snea inapoteza mchapo, kiki inafifia, vokali inaanza kukwaruza kwenye herufi za "s", na msikilizaji anachoka anabadilisha wimbo bila hata kujua kwanini amechoka.

Na uchungu zaidi ni kwamba hiyo nguvu yote inaenda kupotea kwenye strimingi. Spotify kwa kawaida wanazisawazisha nyimbo ziwe karibu na -14 LUFS, YouTube nao hapohapo, Apple Music wako chini kidogo karibu -16. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyosikia, kwa wastani wa wimbo mzima, sio kilele kimoja, na namba ikikaribia sifuri ndio sauti kubwa zaidi. Sasa ukinilazimisha nikupe ngoma ya -7, Spotify wanaishusha desibeli 7 hizo hapo, inarudi sawa na ya mwenzako, tofauti yake ni kwamba ya kwako imeshabanwa imelala na ya mwenzako kiki bado ina nafasi ya kuruka, kwahiyo ya kwake ndio inapiga.

Lakini sikwambii kila ngoma ikae -14, hapana, huo nao ni ushauri unaozunguka sana na unaumiza watu. Ngoma ikipigwa na dijei, ikirushwa WhatsApp, ikichomekwa na flashi kwenye bajaji, huko hakuna wa kuisawazisha, itafuatana na ngoma iliyosukumwa na lazima isimame. Ngoma za kuchezeka naziacha kwenye -9 hivi, saa nyingine -8 kama miksi inaruhusu. Kaswida, gospo ya taratibu, taarab yenye vinanda na fidla vinavyopanda na kushuka, hizo naziacha chini zaidi maana uhai wake uko kwenye huo mpando na mshuko. Kilele nakiacha desibeli -1 ili faili ikigeuzwa MP3 au AAC, zile faili zilizobanwa ziwe nyepesi, isikwaruze.

Sasa kwanini ngoma mbili zote ziko -9 lakini moja inasikika kubwa na ya kwako ndogo? Mara nyingi ni besi. Sauti nzito inakula nafasi kubwa mno huku sikio haliisikii sana, kwahiyo besi ya Hz 40 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa ndogo sauti ni nzito) ikiachwa inajitawala inakuwa kama abiria kaziba mlango wa daladala, wa ndani hawashuki na wa nje hawapandi. Limita inaiona hiyo besi kwanza, inaibana ngoma nzima kwa ajili yake, kila ikipiga vokali inazama. Alafu ukiisikiliza kwenye simu huisikii kabisa, kwasababu spika ya simu chini ya Hz 200 haina cha maana inachotoa! Imekula nafasi na haipo.

Dawa yake iko kwenye miksi. Kiki na besi nazipangia kila moja kwake, kama kiki nguvu yake iko Hz 60 basi besi naipunguza pale, au naifanya ishuke kidogo sana kila kiki inapogonga alafu irudi, inatokea haraka mpaka huwezi kuona. Baada ya hapo besi naipa ukwaruzo kidogo ili izae sauti za juu yake. Besi ya Hz 50 inazaa 100, 150, 200 na kuendelea, na sikio la binadamu likisikia hizo za juu zimejipanga hivyo linaijaza lenyewe ile ya chini hata kama spika haikuitoa. Hii kwangu ndio sehemu tamu kuliko zote kwenye hii kazi, msanii anaipiga kwenye kasimu kake anashangaa besi imetokea wapi, na kwenye sabufa bado inatikisa madirisha.

Kuna na suala la upana. Spika nyingi za Bluetooth watu wanazotembea nazo zina mdomo mmoja, kulia na kushoto vinachanganywa kuwa kitu kimoja, yaani mono. Bekingi zilizotanuliwa kwa plagini za upana (plagini ni vijiprogramu vya kuchezea sauti) zinasikika za kitajiri kwenye hedifoni ila zikifika kwenye mono zinakatana, nyingine zinapotea zote, korasi inabaki uchi. Ndio maana kila miksi naisikiliza kwa mono, kwa sauti ya chini, kwenye spika ndogo, kabla sijairudisha kwenye spika kubwa.

Wa singeli mnisikilize hapa. Singeli inakimbia BPM (mapigo kwa dakika) 200 mpaka 300, chukulia 240, hapo pigo linakuja kila robo sekunde. Ukiomba riverbu (mwangwi kama wa ukumbi) ya sekunde 2 kwenye vokali kama ile uliyoisikia kwenye wimbo wa mapenzi, kila neno linaburuta mkia juu ya mapigo 8 yanayofuata, hakuna tena linalosikika. Singeli inataka vokali kavu, mbele, na eko fupi iliyopimwa kwa kasi ya biti, na ikifanywa hivyo inachinja. Ni muziki unaohitaji umakini mkubwa sana wa kumiksi na mimi napenda kuufanya, usikubali enjinia akwambie ni kelele.

Haya, rekodi. Kuna vitu siwezi kuvirudisha hata unilipe mara tatu. Taa nyekundu ya sauti kupita dari ikiwaka wakati unaingiza sauti, ile sehemu imekatwa kichwa, haipo, plagini za kutengeneza zinabahatisha tu kilichokuwepo. Ingiza sauti ikiwa inagota kati ya desibeli -12 na -6, ukiwa kwenye 24 biti (hiyo ni kipimo cha ubora wa faili, sio biti ya ngoma) huna sababu ya kuisukuma zaidi. Chumba chenye vigae chini na kuta tupu kinarudisha mwangwi ndani ya maiki, alafu mimi nikibana vokali ili ikae mbele na ule mwangwi unapanda nao. Weka godoro au mablanketi mazito nyuma yako unapoimba, mgongoni kwako sio nyuma ya maiki tu, kwasababu maiki inatazama upande wako na kinachogonga ukuta wa nyuma yako ndicho kinaiingia. Kabati la nguo likiwa wazi linasaidia. Simama shubiri moja kutoka kwenye maiki, zima feni japo kuna joto najua, na mvua ikianza juu ya bati pumzika, rekodi baadae.

Biti nayo. Ukiishusha kutoka YouTube unapata kitu kilichokwisha kubanwa, sauti za juu zimeliwa, na kikubwa zaidi kiki na besi na melodi vyote vimegandana kwenye faili moja ambayo tayari imefanyiwa masta na mwenye biti. Vokali yako haina pa kukaa. Kuna programu siku hizi zinatenganisha biti vipandevipande, nazitumia ikibidi, ila zinaacha mabaki, haihati (visahani vya dramu) inakuwa kama ina maji ndani. Na hapo hatujagusa leseni, biti ya mtu ni mali ya mtu, ngoma ikishika akaja kuidai utamjibu nini? Ukinunua, ongeza hela kidogo uchukue leseni yenye treki zilizotenganishwa. Hiyo tofauti ya bei inasikika kwenye ngoma kuliko plagini yoyote niliyonayo.

Kutuma faili: nataka WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 24 biti, kila sauti peke yake, zote zianzie sifuri hata kama bekingi inaingia dakika ya pili, nikiziweka zijipange zenyewe. Ondoa limita kwenye chaneli ya masta ya projekti yako kabla hujazitoa. Kama umetumia Auto-Tune nitumie yenye Auto-Tune na isiyonayo. Andika BPM, na majina yaeleweke, "vokali kuu vesi 1" sio "audio_final_mpya_2". Usinitumie kama muziki WhatsApp, inabana, weka Google Drive au itume kama dokumenti. Najua bando linauma, treki moja ya mono ya dakika 3 ni karibu MB 24 na ya stereo karibu 48, kwahiyo vokali zako zitoe kwa mono, maana maiki ilikuwa moja, kuzitoa stereo ni kulipia kitu kilekile mara mbili. Na ukizigeuza FLAC, aina nyingine ya faili, zinapungua sana bila kupoteza chochote, hasa bekingi na adlibu ambazo sehemu kubwa ni ukimya. FLAC napokea bila shida.

Nitumie na ngoma mbili unazozipenda zinavyosikika, za aina yako ya muziki. "Nataka iwe ya kimataifa" hainisaidii, ngoma mbili zinanisaidia.

Malipo ni nusu kabla, nusu ukiridhika, kwa simu. Kwanza nakutumia MP3 ya kusikiliza, una marekebisho mara 3 ndani ya bei hiyohiyo. Sikiliza kwa vitu unavyovitumia kila siku, usinunue hedifoni mpya kwa ajili ya hii kazi, alafu andika na dakika, "0:47 adlibu ishuke", zikusanye zote nitumie mara moja. Na awe mtu mmoja anayetuma, meneja na kaka na prodyuza wakubaliane huko kwanza, maana mmoja akisema vokali ipande na mwingine ishuke yale marekebisho matatu yanaisha na ngoma iko palepale. Bei inategemea wingi wa treki, vokali mbili juu ya biti moja sio sawa na bendi nzima au kwaya. Ukitaka masta peke yake nafanya, ila nitasikiliza miksi kwanza, na kama shida iko kwenye miksi nitakwambia irudi kwa aliyeimiksi airekebishe kabla hujanilipa hata shilingi.

Mwisho unapata WAV ya masta, MP3 ya 320 (ile ya ubora wa juu), biti bila sauti, na ya shoo yenye bekingi bila vokali kuu ili jukwaani uimbe kweli. Ukihitaji ya redio isiyo na maneno makali niambie mwanzoni, sio baada.

Na tafadhali tarehe ya kutoa ngoma usiitangaze kabla faili hazijanifikia. Spotify wanataka uwapelekee ngoma angalau siku 7 kabla haijatoka kama unataka waifikirie kwenye plelisti zao, msambazaji wako naye anataka siku zake, kwahiyo wiki tatu kabla ya tarehe faili ziwe kwangu, hapo tunafanya kazi bila kukimbizana na yale marekebisho unayatumia yote.