Jiwe jeupe la Utö lilikuwa linatupwa, na sisi tuangalie tunachotupa

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi nasoma gazeti lenu nikiwa huku Sweden, na kila ikitajwa lithiamu naona inaandikwa kama madini ya juzi, yaani yameletwa na simu na magari ya umeme. Naomba nafasi niongelee kisiwa kimoja kinaitwa Utö, maana lithiamu ilijulikana mara ya kwanza kwenye mawe ya huko mwaka 1817, na jinsi ilivyojulikana inawahusu kabisa wachimbaji wetu wa bati kule Kyerwa, mkoani Kagera.

Utö kiko pembezoni, kusini mwa visiwa vya Stockholm, ukishakipita mbele ni bahari ya Baltiki tupu. Unaenda kwa boti. Kisiwa kidogo, misonobari na mawe, lakini watu walichimba chuma pale tangu karne ya 12 hivi mpaka 1879, na shimo kubwa kuliko yote, Nyköpingsgruvan, lina kina cha mita 215. Leo limejaa maji. Nilisimama kwenye uzio nikiangalia chini nikawaza watu walioshuka mle enzi ambazo walikuwa wanawasha moto wa kuni kwenye mwamba ili upasuke, maana baruti zilikuwa bado.

Chuma chenyewe kilizaliwa baharini, karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita. Kulikuwa na volkano, maji ya moto yakawa yanapanda na chuma kilichoyeyuka, kinatua chini tabaka kwa tabaka, tabaka la chuma la kijivu, tabaka la jiwe jekundu gumu, tena chuma, tena jekundu, mpaka leo unaona mistari kama kanga imekunjwa. Nimesema imekunjwa kwa sababu baadaye ardhi ilibanwa, matabaka yaliyokuwa yamelala yakasimama karibu wima, ndo maana mashimo ya Utö ni membamba na yanaenda chini sana, mchimbaji alikuwa anafuata mkanda wake unakoenda, pembeni hamna kitu.

Sasa hapa ndo penyewe. Baadaye sana, chini huko, uji wa mawe ulikuwa unapoa na kuganda polepole. Madini ya kawaida yanaganda kwanza, ila lithiamu haipati nafasi ndani yake, inabaki kwenye majimaji ya mwisho pamoja na boroni na tantalamu, ni kama ukichemsha maji ya chumvi, yale machache yanayobaki chini ya sufuria ndo makali kuliko yote. Hayo majimaji yakapenya kwenye nyufa yakakata ndani ya mwamba wa chuma, yakaganda kuwa jiwe la chembe kubwa kubwa, wataalamu wanaliita pegmataiti, na ndani yake kuna petalaiti nyeupe, spodumini (yote mawili ni madini yenye lithiamu), ulanga wa rangi ya zambarau, na tomalini za bluu. Na pale yalipogusana na mwamba wa jirani, lithiamu ikavuja ikazaa madini mengine ya rangi ya samawati-zambarau, holmkwistaiti, yaliyotambuliwa kwanza hapo hapo Utö mwaka 1913, na siku hizi mtafiti akiyaona popote anajua pegmataiti ya lithiamu haiko mbali.

Lakini kwa mchimba chuma wa Utö lile jeupe lilikuwa kifusi tu. Linatolewa, linatupwa. Aliyeliona kwa jicho lingine ni José Bonifácio de Andrada e Silva, Mbrazili (ndo huyu huyu aliyekuja kuongoza uhuru wa Brazil 1822), ambaye mnamo 1800 aliieleza petalaiti kama madini ya peke yake. Halafu 1817 kijana wa miaka 25, Johan August Arfwedson, akaipima hiyo petalaiti kwenye maabara ya mkemia Berzelius pale Stockholm, akatenganisha kila kilichomo, akajumlisha, ikaja 96 kwa mia. Nne hazipo. Akarudia, hazipo tena! Wengi wangesema mizani mbovu wakaendelea na maisha, yeye akang'ang'ana mpaka akagundua mle kuna kitu kinachofanana na magadi ila sio magadi. Berzelius akakipa jina, ndo hii lithiamu, kutokana na neno la Kigiriki la jiwe. Hizo nne kwa mia zilizokuwa zinapotea kwenye hesabu ndo leo zinaendesha magari.

Mhariri, geuza macho Manono, kule mkoa wa Tanganyika, Kongo (DRC). Wabelgiji walichimba bati pale miaka mingi, wanachukua bati, spodumini wanaiacha kwenye malundo ya marudio, yaani mabaki ya uchimbaji. Malundo hayo hayo sasa hivi yanazungumziwa na makampuni ya dunia nzima. Ni Utö nyingine kabisa, tofauti ya chuma na bati tu. Na ule mkanda wa miamba ya bati hauishii Manono, unapanda Kivu, Burundi, Rwanda, unaingia kwetu Karagwe na Kyerwa, unaendelea Ankole ya Uganda.

Ndo maana inaniuma nikiona kwenye habari za wachimbaji wadogo tunaandika bei ya bati, tunaandika duara (shimo la kuchimbia) limeporomoka, ila jiwe lenyewe hatuliongelei hata kidogo. Mtu ana leseni yake, anavunja mwamba mweupe kila siku, anachagua bati nyeusi, kingine anamwaga bondeni, na hajawahi kuambiwa kwamba mwamba mweupe una aina nyingi.

Ombi langu ni moja. Toeni nusu ukurasa, picha ya petalaiti, picha ya spodumini, na picha ya kwatzi ya kawaida ziwe pembeni kwa pembeni. Waelezeni kwatzi inavunjika kama chupa, haipasuki kwa upande bapa, wakati petalaiti inapasuka kwa bapa kama jani, ni nyepesi kidogo mkononi, na kwatzi inaikwaruza. Waambieni wakiona ulanga wa zambarau wasimame hapo hapo, wachukue vipande kama ngumi, waandike vimetoka duara gani na kina gani, wavipeleke kupimwa GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma kabla hawajamuuzia mtu lundo lao la marudio kwa bei ya kifusi.

Msomaji wenu,
Stockholm