Malalamiko: Waya wa Athi Mliofunga Juu ya Rangi

Kwa Meneja,

Salaam. Mimi ni dereva wa matatu, Malindi hadi Marereni. Mwezi uliopita mafundi wenu waliniwekea redio na amplifaya. Kesho yake nikiwasha indiketa, mshale wa geji ya mafuta unacheza nayo. Nikikanyaga mafuta, spika zinalia wiii. Abiria mmoja aliniuliza kama nafuga mbu.

Nilipowarudia, fundi wenu hakushika hata mita ya kupimia umeme. Alisema betri imechoka, nikauziwa mpya kwa shilingi 9,500. Kufika Mambrui, wiii ile ile.

Nikaenda kwa fundi wangu wa umeme. Aliwasha gari, akafungua redio hadi juu, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye skrubu yenu ya athi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) chini ya dashibodi: volti 1.4. Akaisogeza ncha hiyo umbali wa vidole viwili tu, kwenye chuma kitupu cha bodi: 0.05. Alipoing'oa skrubu, rangi nyeupe chini yake ilikuwa nzima, yang'aa, ila alama ya nyuzi za skrubu iliyokwisha kushika kutu. Na mlikuwa mmeifungua athi ya dashibodi mkaibana hapo hapo pamoja na ya amplifaya!

Umeme ukienda lazima urudi, na kwenye gari hurudia bodi. Njia ikizibwa na rangi, kila kifaa kilichofungwa hapo kinahesabu kutoka sifuri isiyo sifuri, kama mizani ya samaki iliyobonyezwa kidole. Betri ingefanya nini hapo?

Dawa ilikuwa msasa mpaka chuma king'ae, kila waya na skrubu yake, kukaza, kisha grisi juu kuzuia chumvi. Huku kwetu chumvi iko hewani, si lazima niwaambie. Dakika ishirini, shilingi 500. Betri yangu ya zamani nimeirudisha, na asubuhi inasoma volti 12.6, yaani nzima.

Naomba mnirudishie 10,000 ndani ya siku 14. Betri yenu iko kwangu, njooni muichukue. Risiti zote mbili nimeambatisha.

Jambo jingine. Wiki hiyo hiyo mlifunga redio kwenye gari la mwenzangu wa steji, na lile lina kompyuta ya injini. Sensa zake nyingi (vipimaji vya injini) hutumia volti 5 tu. Akipotewa na volti moja kwenye athi, kompyuta inaweza kumimina mafuta kwa vipimo vya uongo. Mwiteni kabla hajauziwa betri.

Dereva, steji ya Marereni
Malindi